Meja Hakusema Watakuja

Furaha mwanangu,

Umetoka na baba yako kwenda kuaga rafiki zako, nami nimefunga duka mapema, nimesogeza cherehani pembeni na kukaa kuandika. Kesho mchana utapanda ndege kwenda Delhi. Habari za sweta, za dawa za tumbo na za kuchagua kanisa, shangazi zako wamekuambia hadi umechoka, kwa hiyo sizirudii. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua unakisikia vizuri kuliko unavyokisoma, na itabidi uende polepole. Ndivyo ninavyotaka.

Jumapili ulitusomea mezani ile insha iliyokupatia nafasi ya chuo. Nilijivuna kukusikia. Ulieleza vizuri jinsi India inavyojiona: kaskazini milima yenye majirani wawili ambao imepigana nao, kusini bahari inayopitisha mafuta yake yote, na ng'ambo ya bahari hiyo Afrika. Ukaeleza kwa nini inanunua silaha huku na huku bila kuwa mke wa mtu. Hapo baba yako alicheka. Kisha ukafika kwenye aya ya walinda amani, ukasema India inatuma askari wake Kongo kwa sababu inatafuta kiti kwenye meza ya wakubwa wa dunia. Nikakuambia hilo ni kweli lakini si lote. Ukaniuliza nimejuaje. Nikaanza kuondoa sahani.

Tangu ukiwa mdogo, kila ukiniuliza kazi niliyofanya kabla ya kuja Johannesburg, nimekujibu kwamba nilikuwa mkalimani, mkataba ukaisha. Mkataba haukuisha. Niliacha mwenyewe. Leo nakuambia kwa nini, kwa sababu unakwenda kusomea kazi ya watu wanaoahidi kwa niaba ya nchi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kiingereza nilikipata Kampala, nilikoishi kwa mjomba miaka mitano vita vilipotufukuza nyumbani. Kifaransa kilikuwa cha shule, na Kiswahili na Kinande vilikuwa vya mama yangu. Niliporudi Kivu, kikosi cha Wahindi wenye helmeti za bluu kilikuwa kinatafuta wakalimani, nikaajiriwa. Mkuu wangu aliitwa Meja Bedi. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kuvaa kilemba cha bluu badala ya helmeti, na kila asubuhi aliagiza nipewe chai ya maziwa na tangawizi kabla ya mtu yeyote kunipa kazi. Siku ya kwanza aliposikia maneno yetu ya chai, duka, gari na rangi, aliyaandika kwenye daftari kama mtu aliyekuta ndugu zake ugenini. Akasema maneno yao yalifika huku kabla ya askari wao, na yalikuja vizuri zaidi.

Nilimuuliza siku moja kilichowaleta mbali hivyo, wakati kwao kuna mipaka isiyolala. Alichukua kalamu akachora nchi yake nyuma ya boksi la biskuti. Juu akachora milima, akatia alama mahali ambapo mdogo wake alikuwa analinda kituo kwenye theluji, mahali ambapo baridi inaua watu wengi kuliko risasi. Chini akachora bahari. Akaniambia mtoto wa India anakua akijua kwamba jirani anaweza kuamka na hasira, na hakuna nchi ya mbali itakayokuja kufa kwa ajili yake. Kwa hiyo wakubwa wao wanaogopa kuweka sahihi ya kupigania mtu mwingine, na wanaogopa pia kupiganiwa. Lakini kulinda amani kwa niaba ya dunia nzima ni kitu kingine. Huko wanakwenda, na wamekwenda tangu nchi yao ikiwa changa. Alikubali kwamba kiti kwenye ile meza nacho kimo. Hakunificha. Lakini akasema kijana wake kutoka kijijini, anayechimba handaki kwenye mvua ya Kivu, hafikirii kiti. Anafikiria mtoto aliyemwona njiani, na mshahara atakaompelekea mama yake. Vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja. Ndicho nilichotaka kukuambia Jumapili.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Kulikuwa na kijiji juu ya mlima ambacho sitakitaja jina, kwa sababu watu wake bado wapo. Kutoka kambini kwetu ilikuwa safari ya nusu siku kwa gari, barabara ikiwa kavu. Wenye silaha walikuwa msituni upande wa pili wa mlima, na habari za kuja kwao zilikuwa zinapanda na kushuka kila wiki. Kila zilipopanda, watu wa kijiji walibeba watoto na magodoro wakaenda kulala msituni. Watoto walikuwa wanakohoa. Wawili walikufa kwa baridi ya huko. Basi wakatuma mtu aombe mkutano na Meja.

Tulikaa kwenye darasa moja la shule yao. Aliyesimama kuuliza hakuwa chifu. Alikuwa mama mmoja aliyeitwa Mama Kavira, muuza maharagwe, ambaye wenzake walimtegemea kwa maneno. Aliuliza kwa Kiswahili cha kwetu, bila kuzunguka:

"Bale bantu bakikuja, mutakuja?"

Nilimtafsiria Meja. Akafikiri kidogo, kisha akanijibu taratibu, sentensi moja moja, ili nisipotee. Alisema: "Waambie nikipata amri, na barabara ikiwa inapitika, nitatuma askari. Lakini nisipopata, au njia ikifungwa, wasitusubiri. Waendelee kujilinda kama walivyozoea."

Nilielewa kila neno. Nataka ulijue hilo. Wakalimani wengi hujitetea kwamba walisikia vibaya. Mimi sikusikia vibaya. Niliwatazama wale mama na watoto wao waliokuwa wanakohoa migongoni, nikaona nikisema "wasitusubiri" nitakuwa nimewafukuza mimi warudi msituni. Nilitaka wanitazame kwa furaha mara moja tu. Nilijiambia neno tamu halidhuru. Nikageuka nikasema neno moja:

"Batakuja."

Walipiga makofi. Meja akaniuliza mbona jibu lake refu limekuwa fupi hivyo. Nikamwambia Kiswahili chetu kinabana maneno. Akacheka, akawapungia mkono.

Wiki mbili baadaye habari zikapanda tena, na mara hii watu wa kijiji hawakwenda msituni. Walilala majumbani mwao. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha siku nzima, daraja la magogo likabebwa na maji. Redio ilipotuambia kwamba kijiji kinashambuliwa, Meja aliomba ruhusa na akaipata upesi. Magari yalifika mtoni yakakwama. Askari walishuka, wakavuka kwa kamba, wakatembea kwa miguu, wakapanda mlima gizani kwenye matope, na wakafika asubuhi. Nilikuwa nao. Nyumba zilikuwa zinatoa moshi na ng'ombe wamechukuliwa. Watu tisa walikuwa wamelazwa kwenye lile darasa tulilofanyia mkutano. Wawili kati yao walikuwa mume wa Mama Kavira na mtoto wake wa kwanza.

Mzee mmoja alimjia Meja akipiga kelele kwamba tuliahidi. Alirudia mara nyingi kwamba tuliahidi. Meja akanigeukia akaniuliza mzee anasema nini. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Badala yake nilimjibu:

"Wanasema walidhani tutakuja. Hawakuelewa ulichowaambia siku ile."

Meja alinitazama, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kusaidia kuchimba makaburi, yeye na askari wake, wakiwa wamevua majaketi. Neno la kwanza nililisema kwa huruma ya kijinga. La pili nilisema ili nijiokoe, nikawatwisha mzigo watu ambao walikuwa bado hawajazika. Ukiniuliza leo lipi lilikuwa baya zaidi, sitasita kusema la pili.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Nilikula, nilifanya kazi, nilicheka wenzangu walipocheka. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kuishi na uongo mkubwa bila kuugua. Huwa watu wanasema dhamira itakusumbua. Yangu ilisumbua kidogo tu, asubuhi asubuhi, halafu ilinyamaza. Usiitegemee sana.

Kilichonivunja kilikuwa hadithi ya Meja mwenyewe. Tulikuwa tunangoja gari litengenezwe, naye akawa anazungumza kuhusu nyanya yake, mama wa baba yake. Nchi yao ilipogawanywa kuwa India na Pakistani, nyanya huyo alikuwa msichana, na mji wao ukaangukia upande wa pili wa mpaka mpya. Familia iliogopa kuondoka na iliogopa kubaki. Ofisa mmoja akawaambia wapande treni, italindwa. Wakapanda. Haikulindwa. Nyanya alifika upande wa India akiwa na kaka mmoja tu, kati ya watu wote waliopanda pamoja. Meja alisema hadi anakufa mwanamke yule hakuwalaani sana waliowaua ndugu zake, kwa kuwa alijua kwamba watu wenye wazimu wapo kila upande. Aliyemlaani ni yule ofisa aliyesema italindwa. Meja akasema ndiyo maana yeye akiulizwa na raia huwa anajibu kwa "nikipata" na "ikiwa", hata kama anaonekana hana moyo.

Hakuwa ananisema mimi. Alikuwa anapitisha muda tu. Nilimwambia palepale. Nilimwambia neno la kwanza na la pili, kwa Kiingereza kibaya.

Hakupandisha sauti. Alisimama kando ya fundi hadi gari likawa tayari. Nilimwomba anifukuze kazi. Akanijibu:

"Ukiondoka leo, nitapanda mlimani na mkalimani mwingine, nao watausikia ukweli kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo. Kesho tunakwenda wote wawili."

Tukaenda. Watu walikuja wachache, wengi walikuwa hawataki tena kutuona. Nilisimama mbele yao nikasema kwamba Meja hakusema watakuja. Nikasema nilikata maneno yake kwa sababu nilitaka wafurahi, kisha nikamwambia Meja kwamba wao ndio hawakuelewa. Nilitegemea mawe. Mzee yule aliyepiga kelele alitema mate chini akaondoka. Wengine walizungumza wao kwa wao kwa Kinande, maneno ambayo sitayaandika, na nilistahili. Mama Kavira alikuwa amekaa, mikono magotini, akiwasikiliza. Kisha akasema:

"Sasa tuambie alichosema. Yote."

Nikasema yote. Nikipata amri. Barabara ikipitika. Msitusubiri. Akaniuliza tena sehemu ya barabara, ni mvua ya kiasi gani inayofunga njia. Nikamtafsiria Meja. Akaeleza kuhusu mto na daraja, Mama Kavira akauliza tena, na kijana mmoja akaleta kijiti tukachora ardhini. Tulikaa pale mpaka jua likageuka. Yale maneno ambayo niliona ni makavu mno kupewa mtu mwenye mtoto mgongoni, wao waliyachukua wakafanya nayo kazi. Waliweka walinzi wawili kileleni. Wakakubaliana kwamba mvua ikinyesha siku nzima, hakuna atakayelala nyumbani, hata kama hakuna habari yoyote. Wakajenga vibanda msituni, vyenye paa, kwa ajili ya watoto.

Wenye silaha walirudi baada ya miezi miwili. Walichoma nyumba zilizokuwa zimebaki. Hawakukuta mtu.

Mama Kavira hakunisamehe, Furaha. Nilimkuta sokoni baadaye, nikamsalimia, akaitikia salamu kwa heshima kama anavyoitikia mgeni, akaendelea kupima maharagwe yake. Sikuwa na haki ya kutaka zaidi. Mimi nilibaki kazini mpaka kikosi kile kilipobadilishwa. Baada ya hapo sikuweza tena. Mtu akisema sentensi nilikuwa namwomba airudie mara tatu, na mkalimani mwenye hofu hana kazi. Nikapanda mabasi, Tanzania, Zambia, hadi hapa. Nikajifunza kushona. Nikamkuta baba yako akilinda geti la jengo moja Sandton, nawe ukaja mwaka uliofuata.

Nilidhani nimeachana kabisa na kazi ile. Unakumbuka mwaka juzi, wiki nilipokwenda Diepsloot nikalala huko siku mbili, ukakasirika kwamba sikuja kukusikiliza kwenye mdahalo wa shule? Wenzetu wenye spaza, vile viduka vya mtaani, kule walikuwa wamepata vitisho kwamba maduka ya wageni yatavunjwa. Kulikuwa na Wakongo, Warundi na Watanzania, na afisa mmoja wa polisi akakubali kuzungumza nao. Alisema kwa Kiingereza kwamba wataongeza doria kama wakipata magari, na hawezi kuahidi zaidi. Kiongozi wa wafanyabiashara akanivuta pembeni akaniomba niseme polisi watalinda, ili watu wasiingiwe na hofu. Nilikataa. Nikasimama nikasema: amesema wataongeza doria kama wakipata magari, na hawezi kuahidi zaidi. Nikarudia mara mbili.

Watu wakafunga, wakahamisha bidhaa zao. Na unajua kilichotokea? Hakuna. Hakuna aliyekuja. Mikate ilioza, wengine wakapoteza biashara ya wikendi nzima, na mpaka leo kuna Mrundi mmoja akikutana nami kwenye robot, taa za barabarani, ya hapa Marshalltown anageuza uso. Eish, mwanangu, sikuambii haya uone kwamba ukweli hulipwa. Mara nyingine unalipwa kwa kununiwa.

Huko unakokwenda utakaa darasani na vijana wenye akili kali. Watazungumza kuhusu majirani wa India, milima, bahari, bandari za visiwa, nani amemkopesha nani meli na nani ana kambi wapi. Sikiliza kwa heshima, kwa sababu si maneno ya vitabuni kwao. Wengi wana nyanya aliyepanda treni, au kaka aliye kwenye theluji. Kama hujui hofu ya nyumba fulani, usiicheke namna wanavyofunga mlango. Nilichelewa kujua hilo. Nilikuwa namwona Meja baridi, kumbe alikuwa anabeba kitu.

Na itafika siku watazungumza kuhusu Kivu, kama mfano. Mtu ataweka ramani ukutani, nyumbani kwa mama yako kutakuwa doa lenye rangi. Wewe ni mzaliwa wa Johannesburg, unaweza kunyamaza na hakuna atakayejua. Sikulazimishi kusimama. Ila ukisoma mahali kwamba raia waliambiwa hivi na wakafanya vile, jiulize nani alikuwa amesimama katikati, na alikuwa anataka nini siku ile. Huyo mtu haandikwi. Mara nyingi ni msichana wa miaka ishirini na minne.

Kitu cha mwisho, ndicho nilichokaa chini kukuandikia.

Baada ya shambulio lile, Meja aliandika ripoti. Ilipelekwa kwa wakubwa wake kabla sijamwambia ukweli, na ndani yake aliweka nilichomwambia: kwamba wanakijiji hawakuwa wameelewa maelezo waliyopewa. Nilipoungama alisema ataandika nyongeza ya kusahihisha. Naamini aliandika. Sijui kama iliambatanishwa, au ilipotea kwenye meza ya mtu. Ripoti za namna ile huhifadhiwa. Watu wa kazi unayoisomea huzisoma miaka mingi baadaye ili waamue askari wafanye nini mahali pengine, na raia wa kule waambiwe nini. Inawezekana mtu ameshaisoma akahitimisha kwamba watu wa kijijini huwa hawaelewi, basi hakuna haja ya kuwaeleza mengi.

Usiende kuitafuta. Lakini ukiikuta, wewe au mwenzako, na ukaona ile sentensi, ujue ni ya mama yako na ni ya uongo. Walielewa. Walielewa kila neno nililowapa. Andika hivyo pembeni yake, na uweke jina langu.

Mama yako anayekupenda,
Espérance